Lenzi ndogo ya kuvuta mbali: kuichagua, kuijaribu na kuitumia Lubumbashi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza kupika foto (hapa Lubumbashi picha haipigwi, inapikwa) ni hili: "Mukubwa, hii lenzi inavuta mpaka wapi?" Najibu kwa hesabu. Kamera ya Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), lenzi ikiwa imevutwa mpaka milimita 250: mchezaji aliyesimama mita 50 kutoka kwako anajaza kama sehemu tatu kwa tano za kimo cha picha iliyolala. Akiwa mita 100, hafiki theluthi. Kwa hiyo aliyetaka sura ya golikipa wa upande wa pili huku yeye amekaa nyuma ya goli la upande huu, amekwisha kupata jibu lake, na jibu ni hapana.

Ila swali lenyewe halisaidii sana. Katika mechi, harusi na ubatizo niliobeba lenzi hizi, picha nilizozikosa kwa sababu mtu alikuwa mbali mno ni chache. Nilizozitupa kwa sababu ya mtikiso ni nyingi kiasi cha kunitia haya. La kuuliza ni hili: nikivuta mpaka mwisho, mwanga uliopo utaniachia shata ya ngapi, yaani kamera itafunguka kwa sehemu gani ya sekunde? Ukishika hilo, mengine yote humu utayaelewa kwa haraka.

Lenzi yenyewe

Ninayoiita ndogo ni ile inayoanzia milimita 40 au 55 hivi na kuishia 150, 200 au 250, uzito wake chini ya nusu kilo, iliyotengenezwa kwa kamera za sensa ndogo, zile saizi zinazoitwa APS-C na Micro Four Thirds. Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, iliyotoka 2013, ina gramu 375. Nikon AF-S DX 55-200mm VR II ya 2015 ina gramu 300 hivi, na kuna kitufe ubavuni cha kuikunja iwe fupi zaidi. Sony E 55-210mm OSS ina gramu 345. Olympus M.Zuiko 40-150mm f/4-5.6 ina gramu 190 tu, uzito wa simu, na kwa kuwa sensa yake ni ndogo zaidi, 150 yake inaona kama 300 ya kamera ya fremu kamili, yenye sensa kubwa ya kadiri ya filamu ya zamani. Kanuni ya kuzidisha ni 1.6 kwa Canon ya sensa ndogo, 1.5 kwa Nikon na Sony, 2 kwa Micro Four Thirds.

Inakuwaje lenzi ya milimita 250 iwe na urefu wa sentimita 11 ikiwa imefungwa? Vioo vya mbele vinakusanya mwanga, vya nyuma vinautawanya kidogo kabla haujafika kwenye sensa, na kwa ujanja huo lenzi inafanya kazi kama ndefu bila kuwa ndefu. Hiyo ndiyo maana halisi ya telefoto. Sababu ya pili ya udogo inakugusa mfukoni na kazini pia: tundu, lile linaloandikwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Gawanya 250 kwa 5.6, unapata milimita 45 hivi. Huo ndio mlango wa mwanga. Ile lenzi nyeupe ya wapiga picha wa magazeti, 70-200 yenye f/2.8, mlango wake ni milimita 71, na uzito wake unakaribia kilo moja na nusu. Yako inapata robo ya mwanga wa ile. Hata yenyewe kwa yenyewe inabadilika: ukiwa kwenye 55 una f/4, ukivuta mpaka 250 inashuka hadi f/5.6 na nusu ya mwanga imepotea njiani, bila wewe kugusa kitu.

Udogo una faida moja ambayo haiandikwi kwenye boksi. Toa lenzi nyeupe ya kilo moja na nusu barabarani, na kabla hujaondoa kifuniko amekwisha kuja mtu kukuuliza karatasi. Nyeusi fupi inapita. Lakini isikudanganye: askari, kambi, uwanja wa ndege wa Luano na majengo ya serikali usiyaelekezee kamera yoyote, na mtu wa kawaida mwombe kwanza. Ukiwa mita 40 mbali bado unaweza kuomba, kwa kuinua kamera kidogo na kumwangalia machoni. Akitikisa kichwa, teremsha.

Je, itaingia kwenye kamera yako?

Kuna watu wamelipa kwanza wakauliza hili baadaye. Kwa Canon, tazama kiungio: lenzi ya EF-S ina alama ya mraba mweupe, na kamera lazima iwe na mraba huohuo. Kamera za fremu kamili kama 5D na 6D zina nukta nyekundu peke yake, na EF-S haishiki kabisa. Kwenye kamera za R, zisizo na kioo cha kuakisi ndani, inafanya kazi vizuri ukiwa na adapta.

Kwa Nikon, mitego ni miwili. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina ndani mota ya fokasi (ya kulenga ili picha iwe kali), kwa hiyo lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D utaizungusha kwa mkono milele. Tafuta AF-S, yenye mota yake yenyewe. Halafu kuna AF-P, mpya zaidi, kimya na nyepesi, ila kwenye kamera za zamani kama D90 na D3100 haifokasi hata kwa mkono, kwa sababu pete yake inaendeshwa na umeme wa kamera. Vaa lenzi kwenye kamera yako mwenyewe hapohapo, usikubali "itafanya tu, mukubwa".

Kisha soma herufi. IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony: hizo zinamaanisha kuna kituliza mtikiso ndani. Nikon AF-P DX 70-300mm ilitoka kwa namna mbili, yenye VR na isiyo nayo, na kwa sura ni mapacha. Canon EF 75-300mm III inapatikana kirahisi na bei yake inavutia, namba 300 inavutia zaidi, lakini haina kituliza. Kati ya 300 bila kituliza na 250 yenye kituliza, chukua 250 bila kufikiri mara mbili. Mimi nilifanya kinyume na lenzi yangu ya kwanza. Harusi nzima, kuanzia kanisani hadi mlangoni, bibi harusi ana nyusi nne. Nilirudisha nusu ya pesa na nikala bukari (ugali) na maharage mwezi mzima.

Mbele ya muuzaji

Lenzi nyingi zinazotufikia ni za mkono wa pili, zimepita mpakani Kasumbalesa au zimetoka Dubai ndani ya sanduku la mtu. Si vibaya, yangu ya sasa ni ya hivyo. Ila nenda mchana, na kamera yako, batri imejaa, kadi ina nafasi, simu ina tochi. Muuzaji akisema hana muda wa majaribio, na wewe huna muda wa kununua. Dakika ishirini zinatosha.

1. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, kisha angalia kwa mbele ukiinamisha kidogo kidogo. Chembe chache za vumbi si neno, hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui zinazoanzia ukingoni mwa kioo: hiyo ni kuvu. Ukiona kioo kama kimepumuliwa na hakifutiki, ni mafuta au unyevu ndani. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele unaweza kuuvumilia, lakini kwenye kioo cha nyuma, karibu na sensa, ukatae.

2. Vaa lenzi. Isicheze ikiwa imekaa. Tazama vile vidoti vya shaba vya mawasiliano: viwe safi, visiwe vimeliwa. Canon ikikuandikia Err 01, kamera na lenzi hazisikilizani. Futa vidoti kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ikirudia, asante na kwaheri.

3. Zungusha pete ya kuvuta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa umeiweka karibu na sikio. Sauti ya mchanga ni mchanga. Kisha elekeza lenzi chini: ikiteremka yenyewe, imelegea kwa umri. Itafanya kazi, ila bei nayo iteremke.

4. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi, kwenye 55 na kwenye 250. Inayosita mara moja gizani haina kosa. Inayokwenda na kurudi mchana kweupe bila kushika kitu ina kosa.

5. Weka tundu kwenye f/16 na shata ya kudumu, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya kudumu, upige picha tano mfululizo za kitu kimoja. Zote ziwe na mwanga uleule. Moja ikiwa nyeupe na nyingine nyeusi, majani ya tundu yananata.

6. Vuta mpaka mwisho, bonyeza kitufe nusu, angalia kitu cha mbali. Baada ya nusu sekunde hivi picha inatulia, kama mtumbwi ulioshikwa. Mlio mwembamba ni wa kawaida. Picha ikirukaruka au ukasikia kusagika, kituliza kimekufa.

7. Jaribio la mwisho ndilo linalofichua lenzi iliyoanguka. Tafuta ukuta wa matofali. Mji huu haukosi, udongo wa vichuguu umetujengea nusu ya mitaa. Simama uso kwa uso na ukuta, kamera imeegemea kitu, 250, f/5.6, shata 1/1000. Kisha kwenye skrini kuza pembe zote nne. Pembe zote zikiwa laini kidogo kuliko katikati, hivyo ndivyo zilivyo lenzi za bei hii, na kwenye f/8 zitaimarika. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili ukiwa uji, vioo vimehama mahali pake. Hakuna fundi hapa atakayevirudisha.

Na kwenye kulipa utaona maajabu ya nchi yetu: noti ya dola yenye mpasuko wa milimita mbili inakataliwa, lakini muuzaji huyohuyo amekupa lenzi yenye kuvu na akakasirika ulipoiwasha tochi. Iangalie lenzi yake kama anavyoiangalia noti yako.

Hesabu ya mwanga

Kuna kanuni ya wazee wa filamu ambayo bado haijazeeka: jua kali, tundu f/16, basi shata iwe sawa na ISO. ISO 100, shata 1/100. Lenzi yako huna haja ya kuifunga mpaka f/16, unaitumia kwenye f/5.6, hatua tatu kamili za mwanga zaidi, na kila hatua ni mwanga mara mbili. Zidisha mara mbili, mara tatu mfululizo: 1/100, 1/200, 1/400, 1/800. Kwa hiyo kiangazi cha Lubumbashi, Mei mpaka Septemba, mbingu haina hata wingu la dawa, una 1/800 kwa ISO 100 ukiwa umevuta mpaka mwisho. Ukipanda ISO 200 una 1/1600. Katika mwanga huo lenzi ya dola mia haina cha kuionea wivu lenzi ya dola elfu mbili.

Sasa shata ya chini kabisa ya mkono wako. Kanuni: moja chini ya urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) ukishazidisha. 250 mara 1.6 ni 400, kwa hiyo 1/400. Kituliza cha ile Canon kimepewa hatua tatu na nusu. Mimi nahesabu tatu, maana kiwandani wanapima wakiwa wamekula. Hatua tatu kutoka 1/400 ni 1/50. Kwa hiyo mkono wangu na kituliza vinaweza kushika 1/50, kwa kitu kisichosogea.

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Kituliza kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mtoto anayekimbia. Mtu anayetembea anataka 1/250, anayecheza ngoma 1/500, mpira 1/800 kwenda juu, ndege akiruka 1/1600.

Picha ikiharibika, usiifute bila kuiuliza ilikufa kwa nini. Ikuze. Kila kitu kimeburuzwa upande mmoja, pamoja na ukuta na mti? Ni mkono wako: shata kubwa zaidi, au egemea kitu. Ardhi ni kali lakini mguu wa mchezaji ni moshi? Ni mwendo wake, na kituliza hakingesaidia lolote. Nyasi mbele yake ni kali na yeye ni laini? Ni fokasi. Ukiwa kwenye 250, f/5.6, mtu yuko mita tano, ukanda ulio mkali ni sentimita nane au tisa tu. Ukifokasi pua ya aliyeinama, sikio limekwisha kwenda.

Na kuna kifo cha nne ambacho watu wanailaumu lenzi kwa ajili yake. Kila kitu kinaonekana kama kimechorwa juu ya maji, mistari inapinda, na picha kumi za kitu kimoja zote ni tofauti. Hiyo ni hewa. Saa saba mchana, lami na mabati yakiwa yamechemka, joto linapanda na kuipinda nuru, na kadiri unavyopiga kutoka mbali ndivyo unavyopitisha picha katika mazigazi mengi zaidi. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu. Sogea karibu, panda juu ya ghorofa, au rudi saa kumi na nusu. Jua letu huzama mnamo saa kumi na mbili, kwa hiyo una saa nzima ya mwanga mtamu kabla halijachoka.

Mimi kamera yangu inakaa hivi kwa kazi nyingi: nachagua mwenyewe tundu na shata, ISO naiachia kamera, kikomo nimeweka 3200. Picha yenye chembechembe inauzika. Iliyotikisika haiuziki.

Kuishika

Kiganja cha kushoto chini ya lenzi, si ubavuni. Viwiko kwenye mbavu. Mguu mmoja mbele. Pumua nje, bonyeza polepole, usichome kitufe kama mtu anayeua mbu. Piga tatu mfululizo: ya kwanza ina mtikiso wa kidole, ya pili mara nyingi ndiyo kali. Ukiwa na nguzo, mlango, bega la rafiki, egemea. Kwenye tripodi zima kituliza, kwa sababu baadhi yake hutafuta mtikiso usiokuwapo na kuutengeneza. Kofia ya lenzi ivae mchana kutwa, hasa jua likiwa mbele yako. Filta za bei ya karanga usinunue.

Mpira Kamalondo

Kwenye uwanja wa klabu ya TP Mazembe, hapo Kamalondo, ukitaka kukaa kando ya mstari, ruhusa inatoka kwa klabu. Jukwaani unaweza kujifunza bila shida, ukiwa safu za chini, karibu na boksi la penalti la upande mmoja. Chagua goli moja na ulikae. Uwanja una mita 105 na wewe unafika 50. Mashambulizi ya upande wa pili yaangalie kwa macho yako, ni mazuri pia.

Fokasi iwe ya kufuata: AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon na Sony. Tumia nukta moja ya katikati au kundi dogo, iweke kifuani mwa mchezaji, mfuate kabla mpira haujamfikia. Lenzi hizi hazina mbio za kubadilisha fokasi kutoka karibu hadi mbali, kwa hiyo usiirushe kutoka kwa beki hadi kwa mshambuliaji. Mfuate mmoja, mvumilie. Usivute mpaka 250 muda wote. Kwenye 150 au 180 una nafasi ya mpira kuingia kwenye picha, na utakata kingo baadaye.

Jezi za mistari nyeusi na nyeupe ni mtihani wa mwanga. Kamera ikiona nyeupe nyingi inaipa picha giza, ikiona nyeusi nyingi inaizidishia mwanga, na ngozi ya mchezaji inabadilika kila mara anapogeuka. Ndiyo maana kwenye mpira, jua likiwa halibadiliki, hata ISO naishika mwenyewe. Napima kwenye nyasi zenye jua, naangalia picha mbili, halafu sigusi tena mpaka kivuli cha jukwaa kifike uwanjani. Kikifika, una nusu ya uwanja mweupe na nusu mweusi. Chagua nusu moja.

Na usiteremshe kamera baada ya goli. Wapiga picha waliokuwapo wakati wa Kidiaba, mwaka 2010 Mazembe ilipokwenda hadi fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, walijua kwamba bao likiingia upande wa pili, yeye golikipa atakaa chini na kuruka kwa makalio. Picha iliyobaki vichwani ni hiyo.

Harusi

Nje, mchana, hii ndiyo lenzi bora ya sura za watu utakayoimudu. Weka 100 mpaka 135, mwambie bibi harusi asimame kivulini kwenye ukingo wa jua, na nyuma yake pawe mbali, mita ishirini na zaidi. Nyuma panalainika bila kuhitaji f/1.8. Siri ni umbali wa kilicho nyuma. Ukimweka mgongo ukutani, hata lenzi ya bei ya gari haitakusaidia.

Ndani ya kanisa hesabu inageuka. Kanisa lenye madirisha ya kawaida, mawingu ya Januari nje: f/5.6, ISO 3200, unapata 1/60 hivi. Mikono inaweza, kama hakuna anayesogea. Kwa hiyo subiri vituo: padri ananyamaza, pete inashikwa kabla ya kusukumwa, mama anainua kitambaa na kukiacha jichoni. Kaa kwenye 55 mpaka 100, ambako bado una f/4 au karibu yake, na usogee kwa miguu kama mnaruhusiwa. Flashi ndogo ya kamera haifiki mita 15, zima. Usiku kwenye sherehe, taa zikiwa za rangi na umeme ukienda na kurudi, iache ndani ya mfuko. Vaa 50mm f/1.8. Nimeona watu wakihangaika nayo mpaka keki inakatwa, na hakuna picha ya keki.

Nyavu, jakaranda na bomba la moshi

Kwenye bustani ya wanyama watu wanalalamika juu ya waya. Unaweza kuufuta bila kompyuta. Karibia wavu kiasi lenzi iuguse au ibakize sentimita chache, ukiwa umeruhusiwa na mnyama si wa kunyoosha mkono nje. Tundu wazi kabisa. Vuta mpaka mwisho. Subiri mnyama akae mbali na wavu, mita tano na zaidi. Waya unayeyuka. Tafuta sehemu ya wavu iliyo kivulini, kwa sababu waya wenye jua unaacha ukungu mweupe juu ya picha nzima. Fokasi ikiushika waya, zungusha kwa mkono.

Septemba na Oktoba jakaranda zinapochanua, kila mtu anasimama chini ya mti na simu. Wewe rudi nyuma mita 150, simama kando ya njia iliyonyooka, vuta 200. Miti inasogeleana mpaka barabara inakuwa handaki la zambarau, na mama mwenye beseni kichwani anapita katikati. Watu wanasema lenzi imebana nafasi. Si lenzi, ni mita 150. Ukipiga kutoka hapohapo kwa 55 kisha ukakata katikati, utaona mpangilio uleule, ila mdogo na hafifu. Ndiyo sababu kusogea miguu ni nusu ya kazi: chagua kwanza pa kusimama, kisha ndipo uvute.

Vivyo hivyo kwa bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba. Karibu yake ni vitu viwili tu. Kutoka mbali, barabara ya umma, saa kumi na moja jioni, bomba linasimama juu ya paa za nyumba kama jirani. Piga ukiwa mbali na mageti na walinzi. Kwa mara moja umbali ni rafiki yako mara mbili.

Ndege wa porini nje ya mji? Ndege wa sentimita 20 akiwa mita kumi hafiki robo ya upana wa picha. Akiwa mita nne anapita nusu. Kwa hiyo kaa nyuma ya kichuguu, usicheke, subiri. Kipepeo ni rahisi zaidi: ile 55-250 STM inafokasi kutoka sentimita 85, na kwa kipepeo aliyetulia asubuhi ni lenzi ya kutosha.

Vumbi na kuvu

Lenzi hizi zinarefuka zikivutwa. Kila unapovuta inanyonya hewa, na Agosti hewa yetu ni nyekundu. Kwenye barabara ya vumbi ifunge iwe fupi kabla gari halijapita, na usibadilishe lenzi nje. Ingia ndani ya gari, zima kamera, mdomo wake uangalie chini. Puliza kwa mpira wa kupulizia kwanza, brashi baadaye, kitambaa mwisho. Ukianza na kitambaa umepiga msasa. Usipulize kwa mdomo, mate yana njaa ya kuvu.

Mvua zikianza Novemba, adui anageuka. Mfuko wa kamera uliolowa ukafungwa ukawekwa juu ya kabati, ndiyo shamba la kuvu. Nunua boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, weka ndani pakiti za silika zinazokuja na viatu na mikoba, omba kwa wauza viatu, wanazitupa. Zile zenye rangi zikibadilika, zikaushe karibu na jiko kwa moto mdogo uzirudishe. Mchele usitumie, unga wake unaingia kwenye pete. Na usiifungie lenzi wiki nzima: itoe, ivute mara kadhaa, iangazie jua dakika chache ikiwa imefunikwa upande mmoja, usiielekeze kwenye jua ikiwa wazi pande zote mbili, itatoboa kilicho nyuma yake.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya ibada, mimi narudia jaribio la tochi kwa lenzi zote. Nikiona uzi mmoja ukingoni, lenzi hiyo inahamia boksi lake peke yake siku hiyohiyo, na Jumatatu inakwenda kwa fundi kabla haijafika katikati ya kioo.